Kigingi cha Bi Somoe

Sogeeni katikati ya nyumba. Aliye karibu na mlango atie komeo, na akishatia asiuegemee, maana mlango si mahali pa kuegemea siku kama ya leo. Wala msiniulize upepo huu utakoma lini, si mimi niliyeuleta. Nitawapa kisa, nanyi nipeni masikio. Makuti ya paa tumwachie Mungu.

Zamani, kabla mababu zenu hawajachimba kisima cha kwanza hapa Fungurefu, Kimbunga alikuwa haendi kama aendavyo sasa. Alikwenda moja kwa moja, kama mtu aliyetumwa. Alitoka bahari kuu, akapita juu ya kisiwa mara moja tu, akaelekea bara, akafia milimani. Kuzunguka hakujua, wala kurudi nyuma. Alikuwa mkali, sisemi hakuwa mkali, lakini watu walizijua njia zake. Ukimsikia, unalala kifudifudi kando ya ukuta. Akishapita, unainua kichwa, unatema mchanga, mambo yamekwisha.

Na yakiisha, watu wa wakati ule walikuwa na desturi yao, ikiitwa hodi ya uzima. Upepo ukinyamaza tu, kila mwenye miguu alitoka akapita mlango kwa mlango akibisha hodi. Aliyekuwa ndani aliitika "Karibu," na jirani akaenda zake mlango wa pili bila kuingia, kwa kuwa hakuja kukaa, alikuja kusikia sauti. Nyumba iliyobishiwa mara tatu isiitike ndiyo iliyovunjwa mlango, na hapo wanawake walianza kuvua shanga zao shingoni kwa msiba.

Basi palikuwa na mwanamke akiitwa Somoe, msokota kamba, na mumewe Kombo, mchoma chokaa. Mungu aliwapa binti mmoja, Mize. Huyu Mize ndiye aliyekihifadhi kisa hiki hata kikatufikia, na ndiye nitakayefuatana naye, kwa sababu siku yenyewe wengine wote walikuwa wamefumba macho.

Mize alipokuwa mtoto bado, Kimbunga alikuja wakati tanuri la babake limekwisha kuungua. Mnaijua chokaa. Ikinyeshewa kabla haijatolewa, kazi ya msimu mzima inakuwa uji. Kombo akachukua jamvi la makuti lililoungua pembe moja, akatoka kwenda kulifunika tanuri. Mkewe alimwambia aiache, chokaa itachomwa nyingine. Akasema anarudi sasa hivi. Mize aliweka jicho kwenye ufa wa mlango. Alimwona babake amesimama kando ya tanuri, jamvi kalishika kwa mikono miwili. Akapepesa macho, akaliona tanuri peke yake.

Upepo ulipokoma, jirani yao Bi Tatu alikuja kubisha hodi. Somoe aliitika "Karibu" kwa sauti kamili, sauti ya nyumba isiyopungukiwa na mtu, na Bi Tatu akaenda zake ameridhika. Mize alimtazama mamake kwa hofu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema uongo.

Walimtafuta Kombo pwani zote na mikokoni. Hakuonekana yeye, wala nguo yake, wala lile jamvi. Wazee wakamwambia Somoe akae eda. Akakataa. Alisema hajaona maiti wala hajashona sanda, basi eda ni ya nani? Mumewe hakufa, amechukuliwa, na kilichochukuliwa hudaiwa. Wazee wakasema ni uchungu, utapoa. Mtu mwingine ungempoa kweli. Somoe hakuwa na tabia ya kupoa.

Kamba ya hapa inasokotwa na wanawake, kama mnavyoona hata leo. Unayafukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, unayaacha yaoze mpaka yanuke, unayafukua, unayaponda kwa rungu, unabaki na nyuzi. Nyuzi unazisokota juu ya paja. Kamba ikirefuka unaifunga kwenye kigingi cha mkoko kilichopigiliwa ardhini, ukirudi kinyumenyume nayo. Kila mwanamke ana kigingi chake, alichopewa na mamake, na mamake na mamake. Hakiazimwi. Mwanamke wa Fungurefu atakuazima sufuria, atakuazima hata mtoto akuchotee maji, lakini kigingi atakwambia kimepotea huku unakiona.

Somoe alianza kusokota kamba moja asiyoiuza. Ilikuwa nene kama mkono, na ilizidi kurefuka mwaka hata mwaka, imeviringwa nyuma ya nyumba kama chatu aliyelala. Mize alikua akiiona pale. Aliponda makumbi yake pamoja na mamake, aliisokota mpaka paja likaota sugu, na hakuuliza, kwa sababu aliogopa kujibiwa. Watu hawakuogopa, walicheka. Walimwuliza Bi Somoe kama anataka kuivuta bara isogee karibu. Bi Tatu peke yake hakucheka. Alikuja siku moja, akaketi kizingitini, akamwambia taratibu, "Mwenzangu, upepo haufungwi."

"Haujafungwa," Somoe akasema, "kwa sababu hakuna aliyewahi kuufunga."

Mize alikuwa msichana wa kuposwa Kimbunga aliporudi. Asubuhi bahari ilikuwa na rangi ya shaba, na mawimbi mazito yalikuja ufukoni bila upepo wowote wa kuyasukuma. Kaa wa nchi kavu walitoka mashimoni wakapanda kuta, wakajipanga juu ya boriti, na hakuna aliyewagusa. Watu walifunga milango. Somoe hakufunga wake. Alikwenda uani, akakipigilia kigingi cha mamake mpaka kikazama karibu chote, akafunga ncha ya kamba kwenye kigingi, na ncha ya pili akaitia kitanzi.

Mize alimshika nguo. Alimwomba kwa jina la babake aingie ndani. Mamake akamwambia kwamba ni kwa jina hilo hilo ndiyo yuko nje.

Siku zile Kimbunga alikuwa na mkia. Mwili ulipita kwanza, na mwili huo ndio uliong'oa na kuvunja. Mkia ulifuata nyuma ukiburuta vitu alivyovizoa. Mize, kifudifudi kizingitini, kucha zikiwa ndani ya udongo wa sakafu, alisikia mwili ukipita. Mnausikia huu wa nje? Mara kumi ya huu. Alisikia minazi ikikatika moja baada ya nyingine, na paa la jirani likienda. Kisha ukaja mkia, na alipoinua kichwa aliuona ukipita uani, mweusi, umejaa majani na tenga na mbuzi wa watu, na ndani yake, likigeukageuka, jamvi la makuti lililoungua pembe moja.

Somoe alilijua jamvi lake. Alitupa kitanzi.

Kamba ilikimbia, ikatoa moshi. Ilifunguka yote iliyosokotwa kwa miaka ile, duara baada ya duara, kisha ikakaza. Kigingi kililia, hakikutoka. Huko mbele, baharini upande wa bara, Kimbunga akasimama.

Pakawa kimya. Jua likatoka. Juu ya nyumba yao palikuwa na duara la mbingu ya buluu, safi, na kuzunguka duara hilo mawingu yamesimama kama kuta za kisima. Ndege wa baharini waliochoka walidondoka uani wakabaki wamekaa, midomo wazi, bila kumwogopa mtu. Mize aliuona uzuri ule. Aliona si uzuri wa kawaida.

Sasa, watu wa kisiwani walijua nini? Walijua kile walichofundishwa: upepo ukinyamaza, umepita. Wakainua vichwa, wakatema mchanga, wakafungua milango kwenda kubisha hodi. Bi Tatu alikuwa wa kwanza kufika. "Hodi," akasema, na Mize akaitika "Karibu," na Bi Tatu akacheka kwa furaha ya kuisikia sauti, akageuka kwenda mlango wa pili. Njia nzima ilikuwa imejaa watu, wengine na watoto mikononi, wanaitana na kuitikiana.

Kimbunga alivuta mbele, kamba ikamkatalia. Akavuta kando. Mmemwona mbuzi aliyefungwa malishoni: haendi mbele, haendi nyuma, basi anazunguka kigingi. Kimbunga, ambaye tangu kuumbwa kwake hakuwahi kupinda, akapinda. Akaja kwa upande ambao hajawahi kuja upepo, akawakuta watu wote njiani.

Sitawaeleza yaliyofuata. Mize mwenyewe alipokuwa akisimulia aliruka hapo. Alisema tu kwamba sauti ya Bi Tatu ilikatika katikati ya neno hodi.

Na hakupita, akazunguka. Akazunguka tena. Katikati, penye kigingi, jua liliwaka na majani hayakutikisika, na pande zote kisiwa kilikuwa kinasagwa. Waliobaki walilia kutoka ndani ya kuta zilizoanguka, na Mize aliwajua kwa sauti. Somoe alisimama uani mbele ya ukuta wa wingu. Neno lake alikuwa amelitunza miaka mingi, akalisema.

"Nirudishie mtu wangu."

Kimbunga alijibu akiwa mwendoni, neno moja likitoka mashariki na la pili likitoka magharibi, hata ikabidi wageuke kumsikia.

"Sina mfuko, mama. Nikichukua, namwaga njiani. Huyo wako sikumbuki nilimwaga wapi."

Somoe akakaa chini. Hapo ndipo alipofiwa, si siku ile ya tanuri. Mize alimwona mamake akizeeka mbele ya macho yake, akamkumbatia kwa nyuma, wakalia wote wawili, na upepo ukazunguka.

Mkuu wa kisiwa, Jumbe Makungu, aliingia kwenye duara la jua akitambaa, mguu mmoja umevunjika. Hakumlaumu mtu. Alisema kwa heshima, "Bi Somoe, tumebaki wachache. Mfungue."

Somoe akachukua kisu cha makumbi, akaishika kamba. Kimbunga akacheka, na kicheko nacho kilizunguka.

"Kata," akasema. "Zamani nilijua mbele tu. Ninyi mmenifundisha kugeuka. Ukikata, nitakwenda mpaka mwisho, kisha nitageuka nirudi, na kesho nitarudi tena."

Somoe alikishusha kisu. Alikaa akikitazama kigingi muda ambao Mize aliuona mrefu kuliko maisha yake yote, maana kila mzunguko sauti za kuomba msaada zilikuwa zinapungua. Wakikata, watakufa kesho. Wasipokata, watakufa leo. Kisha Somoe akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, mbuzi akitaka kuhamishwa malisho hufanywaje?

Mize alielewa kabla hajamaliza. Alijitupa juu ya kigingi, akakifunika kwa kifua chake. Alisema kama kuna wa kwenda, ataenda yeye, ana miguu mizima na hana mtoto. Mamake alimwinua kwa upole, akamfuta uso kwa pembe ya nguo yake.

"Kamba niliifunga mimi," akasema. "Wewe uliisokota kwa kunitii tu. Nisikilize, mwanangu, maana sitasema mara mbili. Nitamwongoza mbali, huko kusini kwenye maji mapana. Lakini dunia ni duara na mimi ni mzazi. Iko siku nitapita hapa. Nitabisha hodi. Usiniitikie."

"Mama."

"Usiniitikie. Nikiitikiwa nitasimama, najijua. Nikisimama mimi, na yeye hatatoka tena hapa."

"Sasa utajuaje kwamba mimi mzima?" Mize akauliza.

"Ukinyamaza nitajua."

Kigingi kile ambacho Kimbunga mzima alishindwa kukitoa, Somoe alikivuta kwa mikono yake miwili, kikatoka kama muhogo kwenye mchanga wa mvua. Akakipakata kifuani. Akashuka pwani, na ile mbingu ya buluu ikaondoka naye, ikaacha kuwaka juu ya nyumba, ikawa juu ya mashimo ya makumbi, ikawa juu ya maji. Mize alimwona akiingia baharini mpaka kiunoni, na bahari ikakubali kumbeba. Halafu ukuta wa wingu ukafika uani, na Mize akamburuta Jumbe ndani, akafunga mlango, akalala kifudifudi. Ulipopita huo, ulikuwa umepita kweli.

Miaka ikaenda. Mize aliolewa, akazaa mtoto wa kike, akamwita Somoe. Mvua zilikuja na kwenda. Kila ulipovuma upepo wa kusini aliacha kazi akasikiliza, mumewe akamzoea. Kila mwaka mabaharia walileta habari za kimbunga kilichopiga visiwa vya mbali, na watu wa hapa wakasema pole na alhamdulillahi kwa pumzi moja, kama wasemavyo watu. Mize hakusema lolote. Alikuwa anauliza kimekwenda upande gani.

Mpaka siku moja bahari ikawa rangi ya shaba na kaa wakapanda juu ya boriti.

Mize alimlaza mtoto kando ya ukuta, akalala juu yake. Upepo ulikuja, ukafanya uliyoyafanya, na mchana ukiwa katikati ukakatika ghafla. Mwanga wa jua ukapenya kwenye nyufa za mlango. Ndege wakadondoka uani, akawasikia: mmoja, kisha wengine. Kisha akasikia nyayo kwenye mchanga, nyayo za mtu mzee aliyebeba kitu.

"Hodi," ilisema sauti nje.

Ilikuwa sauti ile ile. Haikuwa imezeeka. Mize alizika uso wake kwenye nywele za mtoto, akauma nguo. Mwili wake wote ulitaka kuinuka. Niwaambie ukweli, kuogopa upepo ni kazi ndogo. Kinachotisha ni kuogopa mlango wakati anayebisha ni mamako.

"Hodi."

Mtoto akafumbua macho, akanong'ona kwamba kuna mgeni. Watoto wa hapa hufundishwa kuitika kabla ya kufundishwa kutembea, naye akafungua kinywa ili aitike kwa adabu. Mize akamziba mdomo kwa kiganja. Alihisi lile neno "Karibu" likigonga ndani ya mkono wake, joto, likitafuta pa kutokea. Akaziba mpaka mtoto akaanza kulia kimya kimya, na machozi ya wote wawili yakachanganyika kwenye vidole.

Mtu yule alisimama mlangoni kwa muda. Mize alisikia kiganja kikipapasa ubao wa mlango, kutoka juu mpaka chini, kama anayepapasa uso wa mtu. Hodi ya tatu ilikuja kwa sauti ndogo mno, nayo haikuwa na swali ndani yake. Ilikuwa kama mtu anayeshukuru. Nyayo zikageuka zikashuka pwani, na haikupita hata saa upepo ukaja kwa upande wa pili, ukapita, ukaenda. Mlangoni Mize alikuta mchanga umelowa maji ya chumvi, na shimo dogo la duara, mahali palipopumzishwa kigingi.

Na tangu siku hiyo Kimbunga hajui tena kwenda moja kwa moja. Huenda akizunguka, na katikati yake pana duara la mbingu na jua, ndipo anapotembea Bi Somoe na kigingi chake. Ndiyo maana akija huja mara mbili, kwanza kwa upande huu, kisha kwa upande ule. Ndiyo maana miaka mingi hupinda kule kusini asitufikie, na ndugu zetu wa visiwa vya huko hupata taabu yetu. Tuwaombee, maana mzigo wanaoupokea tuliufunga sisi. Na mara moja katika umri wa mtu, mama akishindwa na hamu, hupita hapa. Ile hodi ya uzima iliachwa. Hapa Fungurefu, upepo ukinyamaza ghafla, hakuna atokaye na hakuna aitikaye, hata akisikia sauti ya aliyemzaa.

Mnasikia? Makuti yametulia. Huo mwanga mlangoni ni wa jua.

Mzibeni mtoto mdomo.